Kichwa cha Treni Hakisikii Rimoti: Anza na Reli, Rimoti Iache Mwisho

Treni ndogo ikigoma, mkono wa kwanza huenda kwenye rimoti. Betri zinatolewa, zinasuguliwa kwenye suruali, zinarudishwa. Kitufe kinabonyezwa kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu ndiyo iliyokosekana. Kisha bisibisi inatafutwa, rimoti inafunguliwa, na kazi ndogo inageuka kubwa.

Hapa Mombasa, mara nyingi rimoti haina kosa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, iwe kaskazi au kusi, na chumvi hiyo haili mabati ya paa peke yake. Inakula reli, magurudumu, springi za betri, na kila mahali ambapo chuma kinagusa chuma ili umeme upite. Ndiyo sababu tutaanzia chini, kwenye reli, tupande polepole hadi kwenye amri inayotoka mkononi mwako.

Treni yako inakula umeme wapi?

Kuna treni zinazobeba betri tumboni, na reli zake, mara nyingi za plastiki, ni njia tu ya kupita. Hizi huamriwa kwa miali ya infraredi, kwa redio au kwa Bluetooth. Halafu kuna zinazokula umeme kwenye reli zenyewe kupitia magurudumu. Kati ya hizo za pili, za kawaida zina kidhibiti cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha volti, na nyingine zina mfumo wa dijitali uitwao DCC. Mfumo huo ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikaufanya kuwa kanuni ya pamoja.

Kwenye DCC reli huwa na umeme kamili muda wote, kama volti 14 hadi 16 kwa treni za kipimo cha HO, yaani ndogo mara 87 kuliko za kweli. Ndani ya kichwa kuna bodi ndogo, dikoda, inayosikiliza anwani yake na kupuuza za wenzake. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: hata kama rimoti yako haina waya, haisemi na kichwa. Inasema na mashine kuu iliyo mezani, mashine inaitia amri ndani ya umeme wa reli, na kichwa kinaipokea kwa magurudumu. Reli ikiwa chafu, kichwa ni kiziwi, hata ukinunua rimoti mpya kila Ijumaa.

(Anayetaka kuijenga Madaraka Express, treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi, mezani atafurahi kusikia hili. HO ni 1:87 na upana wa reli zake ni milimita 16.5. Zidisha, utapata karibu milimita 1,435, upana uleule wa SGR, reli mpya inayoanzia Miritini. Reli ya zamani ya mita moja, iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, inataka reli za milimita 12.)

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kabla hujafungua chochote, jua kosa liko upande gani. Kama una vichwa viwili, weka cha pili palepale kilipokwama cha kwanza, na utumie rimoti ileile. Kikienda, reli na rimoti ziko sawa na mgonjwa ni kichwa cha kwanza. Nacho kikigoma, usikiguse kichwa chochote. Shida iko kwenye umeme, reli au rimoti. Una kichwa kimoja tu? Kisogeze nusu mita mbele. Kikienda huko na kukwama kikirudi, ni reli.

Ukibadilisha betri, ukasafisha reli na kugusa mipangilio kwa mkupuo mmoja, treni inaweza kwenda kweli, lakini hutajua ni nini kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Umeme wa ukutani

Stima yetu ni volti 240, mzunguko wa 50. Seti inayoletwa na jamaa kutoka Marekani huenda ikawa na transfoma ya volti 120 peke yake. Ukiichomeka kwa kubadilisha plagi tu, inaungua. Geuza transfoma usome maandishi ya nyuma. Yakisema 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Yakisema 120V tu, tafuta transfoma ya kushusha umeme, au adapta ya hapa yenye volti zilezile za kutoka, na iwe ya aina ileile, AC kwa AC na DC kwa DC. Transfoma yenyewe usiifungue.

Stima ikipotea, chomoa. Inaporudi mara nyingi inarudi kwa kishindo, na kifaa cha kwanza kukipokea kishindo hicho kisiwe mashine yako ya treni.

Reli

Zungusha kitambaa cheupe kidoleni, kipitishe juu ya reli kama sentimita 30. Ukiona mstari mweusi, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza.

Tazama rangi ya reli. Za manjano ni za shaba iliyochanganywa na zinki, na kutu yake haipitishi umeme vizuri. Kwenye nyumba iliyo karibu na bahari zinataka kusafishwa mara kwa mara. Zenye rangi ya fedha mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na huvumilia zaidi. Kama ndiyo kwanza unanunua, lipia hizo za nikeli. Tofauti ya bei utaisahau, lakini kusugua hutakusahau.

Cha kusafishia ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Usinunue tu spiriti ya vidonda ya duka la dawa, kwa sababu baadhi yake imetiwa mafuta ya nyonyo, na unapodhani umesafisha umeacha utando. Ulizia kwenye maduka ya vifaa vya kutengenezea simu, mjini hayakosekani. Ukiambiwa uchukue thina badala yake, kataa, maana thina inayeyusha plastiki ya kichwa na ya vilalio vya reli. Fungua dirisha, chomoa umeme kwanza, na subiri ikauke kabisa kabla ya kuwasha, kwa kuwa spiriti inashika moto.

Msasa usitumie. Unaacha mikwaruzo, na uchafu unapata mahali pa kujificha. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ni mbaya zaidi: vipande vyake vinavutwa na sumaku ya mota, vinaingia ndani na kupiga shoti. Reli zikiwa nyeusi sana, raba ya kufutia penseli inatosha, kisha pangusa vumbi lake.

Reli ikishang'aa na kichwa bado kinakwama mahali fulani, tazama viungio, vile vibati vinavyoshika kipande kimoja cha reli na kingine. Chumvi inapenda kukaa humo. Vikaze kwa koleo taratibu au uvibadilishe. Kwenye njia ndefu usivitegemee peke yake kubeba umeme. Lehemu waya kutoka kwenye waya mkuu ulio chini ya meza hadi kwenye reli, kila baada ya mita moja hivi.

Mwenye DCC ana kipimo chepesi cha kujua kama nyaya zake zinatosha. Weka sarafu ya shilingi 20 juu ya reli mbili, mahali palipo mbali kabisa na mashine. Mashine inapaswa kukata umeme papo hapo. Isipokata, ondoa sarafu upesi: nyaya ni nyembamba au kuna kiungio kibovu, na siku treni itakapoanguka na kupiga shoti kwa kweli, kitu kitayeyuka. Kipimo hiki ni cha mashine za DCC zinazojikata zenyewe. Usikijaribu kwenye transfoma za zamani.

Jambo jingine ni mahali pa kuchezea. Barazani panavutia, upepo wa bahari ni mzuri, lakini ni upepo huohuo unaoleta chumvi. Na zulia ni adui kabisa.

Magurudumu

Lowesha karatasi ya tishu kwa spiriti, ilaze juu ya reli. Hapa umeme lazima uwake, kwa hiyo tishu iwe na unyevu tu, isichuruzike. Weka kichwa ili magurudumu ya nyuma yawe kwenye reli safi na ya mbele juu ya tishu. Kishike kwa vidole viwili, washa mwendo wa pole. Magurudumu ya nyuma yatachukua umeme, ya mbele yatazunguka juu ya tishu na kuchora mistari miwili myeusi. Sogeza tishu, rudia mpaka mistari ipauke, kisha geuza kichwa. Yale magurudumu yenye mpira kuzunguka ukingo wake usiyaloweshe sana. Kazi yake ni kung'ang'ania reli, hayapitishi umeme.

Geuza kichwa juu chini, juu ya taulo. Kwa nyuma ya kila gurudumu kuna kijibati chembamba cha shaba kinachogusa chuma cha gurudumu. Kikipinda au kikishika uchafu, gurudumu hilo halileti kitu. Kirudishe kwa ncha ya kijiti cha meno, kiguse tu, kisibane.

Kisha mulika ekseli kwa tochi ya simu. Anayeishi Mji wa Kale anajua atakachokikuta: nywele za paka, zimejisokota kwenye ekseli kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na ndani yake nyuzi za zulia. Zikate kwa wembe upande mmoja, zivute kwa kibanio. Baadaye tia tone moja la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda na kukusanya vumbi.

Treni za betri

Fungua kifuniko, tazama springi. Unga mweupe kwenye ncha ni betri ya alkali iliyovuja. Unga huo unakatwa na asidi, kwa hiyo chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, futa, kisha pitisha pamba ya spiriti, uache pakauke. Usiuguse kwa vidole vitupu ukajipangusa macho.

Betri za kuchaji pia zina mambo yake. Ya kawaida hutoa volti 1.5, ya kuchaji ya NiMH hutoa 1.2. Kwenye kichwa kinachobeba 6, hiyo ni tofauti ya volti 9 na 7.2. Treni itakwenda, ila kwa unyonge, na kwenye mlima au ikivuta mabehewa mengi mawasiliano yanaweza kukatika. Mwenye treni husema rimoti ina shida ya masafa, kumbe ni volti.

Rimoti ya infraredi utaipima kwa kamera ya simu. Washa kamera, elekeza kijitaa cha rimoti kwenye lenzi, bonyeza. Ukiona mwanga wa zambarau au mweupe kwenye kioo, rimoti inatuma. Baadhi ya simu kamera ya nyuma huuchuja mwanga huo, basi jaribu ya mbele. Usipouona kabisa, hapo sasa rimoti ina haki ya kulaumiwa. Ukiuona na treni haiendi, toka kwenye jua. Jua la alasiri likimulika kipokezi, miali ya rimoti inazama humo. Angalia pia namba ya chaneli. Ile swichi ndogo ya pembeni inasogezwa na watoto bila mtu kujua, na rimoti na kichwa zinatakiwa ziwe kwenye namba moja.

Za redio za zamani, aghalabu za megahezi 27, hugombana mbili zikiwa pamoja. Za Bluetooth zina ugomvi wa aina nyingine: nyingi hushikana na mtu mmoja tu.

“Ami, treni imekataa simu yangu.”

“Simu ya dada yako iko wapi?”

Iko chumbani, programu bado imefunguliwa, imeishika treni. Funga programu kule, zima kichwa, washa, unganisha upya. Kwa treni za LEGO za Bluetooth zenye rimoti yake, bonyeza kitufe cha kijani cha treni na cha rimoti, taa zipepese, kisha zitulie kwa rangi moja. Kwenye simu za Android, hasa za zamani kidogo, programu haitaiona treni mpaka uiruhusu kujua mahali ulipo na uwashe GPS. Inaonekana haina maana, lakini ndivyo Android ilivyopanga utafutaji wa Bluetooth.

DCC: reli ni safi, kichwa bado hakitii

Anza na anwani. Dikoda mpya karibu zote hutoka kiwandani zikiwa na anwani 3. Ukiweka vichwa viwili vipya kwenye reli na kuita 3, vyote viwili vitaondoka pamoja. Kichwa ulichonunua kwa mtu kinaweza kuwa na anwani yoyote ile. Jaribu 3, kisha namba iliyoandikwa ubavuni mwake, maana wengi hutumia hiyo. Ukiweka anwani mpya, epuka 100 hadi 127. Kanuni inazihesabu kuwa anwani fupi (za juu ya 127 ndizo ndefu), lakini baadhi ya mashine hukata fupi kwenye 99, na mashine moja itakiita kichwa ambacho nyingine haikioni.

Mipangilio ya dikoda hukaa katika visanduku vya kumbukumbu viitwavyo CV, kila kimoja na namba yake. Visomee kwenye kipande cha reli cha kupangia, kikiwa na kichwa kimoja tu juu yake. Vichwa vikiwa viwili na ukaandika anwani, vyote vitapewa ileile. Dikoda hujibu kwa kuvuta umeme kidogo, angalau miliampea 60 kwa nukta fupi sana, ndiyo maana utaona kichwa kinashtuka shtuka. Mashine ikisema haisomi kitu na kichwa hakishtuki, rudi kwenye magurudumu kabla hujaihukumu dikoda.

Dalili tatu zinajirudia kuliko zote.

Taa zinawaka, honi inalia, lakini kichwa hakisogei. Soma CV19. Hiyo ndiyo inayofunga vichwa viwili vivute pamoja, na kikiwa kimefungwa hakitii mwendo kwa anwani yake. Ikiwa si 0, iandike 0.

Kichwa kinakwenda, lakini taa zinawaka na kuzima kila ukiongeza mwendo. Mashine na dikoda hazijakubaliana idadi ya ngazi za mwendo, moja inatumia 14 na nyingine 28. Hili liko kwenye CV29, nayo ni jumla ya namba: 1 hugeuza mbele kuwa nyuma, 2 ni ngazi 28 na 128, 4 huruhusu kwenda kwa umeme wa kawaida usio wa DCC, 32 ni anwani ndefu. Kwa hiyo 6 ni ngazi 28 na umeme wa kawaida, kwa anwani fupi. 38 ni hivyohivyo kwa anwani ndefu. Anwani yako ikiwa ndefu na CV29 ikabaki 6, kichwa kitaendelea kuitikia ile fupi ya zamani na kukupuuza wewe.

Ya tatu inatuhusu sana sisi wa stima ya kupepesa. Umeme unakatika, unarudi, na kichwa kinachomoka kwa kasi yote bila kuguswa, rimoti haikizuii, mpaka kinaruka meza. Si jini. Umeme uliporudi, dikoda haikusikia amri safi, ikadhani iko kwenye reli ya umeme wa kawaida, na volti zote zile ikazichukua kuwa ni mwendo. Dawa ni kuiondoa ile 4 kwenye CV29: 6 iwe 2, 38 iwe 34. Kama treni zako zinacheza kwenye DCC peke yake, vifanyie hivyo vichwa vyote leo, usingoje kimoja kivunjike.

Ukiwa umechezea mipangilio hadi umepotea, dikoda nyingi hurudi kama zilivyotoka kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8. Soma kijitabu chake kwanza, si zote zinazofuata hilo. Baada ya hapo anwani itakuwa 3 tena.

Kichwa kisicho na dikoda usikiache kimesimama kwenye reli za DCC. Kitalia, mota itapata joto, na inaweza kuungua kikiwa hapohapo.

Simu ikiwa ndiyo rimoti

Mashine nyingi za siku hizi zina Wi-Fi yake, na programu kwenye simu inageuka kidhibiti. Tatizo la kawaida ni data ya simu. Wi-Fi ya treni haina intaneti, simu inaona hivyo, inaiacha kimyakimya na kurudi kwenye data, na treni inabaki na amri ya mwisho uliyoipa. Zima data, na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Toa programu hiyo kwenye orodha ya zinazolazwa kuokoa betri. Na usiiweke mashine ya treni karibu na ruta ya nyumbani; zote zinagombea hewa ya gigahezi 2.4.

Kabla ya kubadilisha dikoda

Dikoda yenye doa jeusi au harufu ya kuungua haina matengenezo ya maana, inabadilishwa. Agiza yenye plagi ileile. Ya pini 8 inaweza kuingia kinyume, na ikiingia hivyo kichwa kwa kawaida kitakwenda nyuma unapotaka mbele na taa hazitawaka, itoe, uigeuze.

Ila usiichomeke mpya kabla hujajua ya kwanza iliungua kwa nini. Mpelekee fundi, au chukua mwenyewe mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye alama ya mlio. Toa dikoda, gusa waya mmoja wa mota na fremu ya kichwa, kisha wa pili. Mita isilie popote. Gusa tena kati ya kila waya wa mota na magurudumu ya kila upande. Ikilia, mota inagusa umeme wa reli moja kwa moja, mara nyingi kupitia skrubu au kijibati kilichopinda chini yake. Rekebisha hapo mpaka mita inyamaze, ndipo uichomeke dikoda mpya.